Hata mtaa ukijua, bado ni la mtoto: Mzazi, tofautisha siri na jambo binafsi

Saa 12 asubuhi, katika nyumba ya kupanga yenye familia sita na ua mmoja, godoro la mtoto wa miaka minane limeegeshwa ukutani likisubiri jua. Hakuna mpangaji asiyejua maana yake. Mama wa mtoto anafua. Jirani anapita na ndoo ya maji, analitazama godoro na kutabasamu.

"Leo tena?"

"Wee acha tu, jirani. Darasa la tatu sasa, lakini usiku kitanda ni bahari. Nimemwambia mjomba wake akija Jumapili namsemea mbele yake, labda aibu itamsaidia."

Mtoto amesimama mlangoni na sare zake za shule, begi mgongoni. Amesikia kila neno. Anasubiri jirani aingie ndani ndipo avuke ua.

Ni tukio la kawaida, na mama kama huyu hana nia mbaya. Akiulizwa kwa nini amelitangaza jambo la mwanawe, jibu lake litakuwa rahisi: "Kwani ni siri? Godoro si wameliona wenyewe?"

Yuko sahihi kwa nusu. Kukojoa kwa mtoto wake si siri tena. Lakini bado ni jambo la mtoto mwenyewe. Nusu hiyo ya pili ndiyo wazazi wengi huiruka, kwa kuamini kwamba jambo likishajulikana halina mwenyewe, na kila mwenye mdomo anaweza kulisema.

Neno moja, mizigo miwili

Sehemu ya mkanganyiko imo katika lugha. Neno "binafsi" linabebeshwa mizigo miwili. Tunapotaja shule binafsi, hospitali binafsi au gari binafsi, maana yake ni kwamba kitu hicho si cha umma, kina mlango na mwenye ufunguo. Lakini tunapotaja usafi binafsi, maoni binafsi au taarifa binafsi, maana inarudi kwenye mzizi wa neno, yaani nafsi. Ni kile kinachomhusu mtu mwenyewe, mwili wake, hisia zake na historia yake.

Pembeni ya neno hilo kuna "siri" na "faragha". Siri ni habari isiyotakiwa kuwafikia watu fulani. Faragha ni nafasi ya kuwa mbali na macho na masikio ya wengine, kama chumba kilichofungwa mlango. Yote mawili ni maneno ya kufunika.

Kwa hiyo mtu akisema, "Hayo ni mambo yangu binafsi," anaweza kumaanisha "sitaki ujue". Anaweza pia kumaanisha "najua unajua, lakini si yako kuyasema".

Njia rahisi ya kutenganisha ni maswali mawili. Siri inauliza: Nani anajua? Jambo binafsi linauliza: Hili ni la nani? Siri huisha siku inapotoka. Jambo binafsi haliishi hata mtaa mzima ukijua, kwa sababu mwenyewe bado yupo na bado linamgusa.

Siri za nyumba na mambo ya nafsi

Kila nyumba ina siri zake halali. Namba ya siri ya simu ya mama, kiasi cha mshahara wa baba, mahali inapowekwa hati ya kiwanja, siku ambayo nyumba itabaki bila mtu. Haya ni mambo ya kufunika, na mtoto afundishwe kutoyasema dukani wala kwenye basi la shule. Yakitoka, familia inaweza kuibiwa au kuingia matatani. Lakini si mambo ya nafsi ya mtoto. Ni mali ya wakubwa, nao ndio waliomkabidhi ayatunze.

Upande wa pili kuna mambo ambayo hayana siri yoyote, ila ni ya mtu. Mtoto aliyefiwa na baba, mtaa mzima ulikuwa msibani. Mwenye kigugumizi, darasa zima linamsikia. Aliyerudia darasa, kila mtu anamwona amekaa na wadogo zake. Mwenye kovu la moto shavuni hana pa kulificha. Hata hivyo, mgeni anapokaribishwa sebuleni na kuambiwa mbele ya mtoto, "Huyu ndiye yule aliyeungua," mtoto amenyang'anywa kitu. Alichonyang'anywa si siri. Ni nafasi ya kusema habari yake mwenyewe, kwa maneno yake na kwa wakati wake, au ya kutoisema kabisa.

Mfano mwingine unaonekana kila mwaka nchini Tanzania. Matokeo ya kidato cha nne huwekwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, Necta, kwa namba ya mtahiniwa bila jina. Yako wazi kwa yeyote mwenye intaneti, lakini anayeijua namba ndiye anayeweza kumtambua mwenye matokeo. Mwezi Januari 2023 baraza hilo lilikwenda hatua zaidi na kuacha utaratibu wa kuwatangaza wanafunzi na shule zilizoongoza kitaifa. Kisha shangazi anaomba namba, anapiga picha ya skrini, na baada ya dakika tano daraja la sifuri la kijana liko kwenye kundi la ukoo la WhatsApp lenye watu 80, likiambatana na jina lake na alama ya kulia machozi. Shangazi hajatoboa siri ya mtu. Amesema lisilo lake kusema.

Aibu haitibu

Mama wa mwenye godoro alitegemea kwamba aibu ingemsaidia mwanawe. Ni imani ya zamani. Wengi waliokua Uswahilini wanakumbuka vikojozi wakizungushwa mtaani na godoro kichwani huku wenzao wakiwaimbia nyimbo za kuzomea.

Kitabibu, mtoto anayekojoa usingizini hafanyi kusudi. Kibofu chake hakijaizoea kazi ya usiku, au usingizi ni mzito kiasi kwamba taarifa ya kibofu haimwamshi. Mara nyingi tatizo hurithiwa, na mzazi anayemcheka mwanawe anaweza kuwa naye alianikiwa godoro. Kati ya watoto 100 wenye umri wa miaka saba, takriban watano hadi 10 bado hukojoa kitandani, na wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Mtoto aliyekuwa ameacha kwa miezi kadhaa kisha akaanza upya, au anayekojoa kwa maumivu au kunywa maji kupita kawaida, apelekwe kwa daktari.

Kwa hiyo kumsema hakumponyi. Kunamfundisha tu kwamba akiwa na shida, ikijulikana itakuwa kicheko. Mtoto aliyejifunza hivyo akiwa na miaka minane hatarajiwi kumkimbilia mama yake akiwa na 14 na tatizo zito zaidi.

Hii haimaanishi mzazi afunge mdomo. Kuna mtu wa kuambiwa. Daktari aambiwe, mwalimu wa bweni aambiwe, bibi atakayelala na mtoto wakati wa likizo aambiwe. Kipimo ni kimoja: Huyu ninayemwambia atamsaidia mtoto, au ninapunguza tu dukuduku langu?

Pale mwenye jambo ndiye asiyelijua

Wakati mwingine siri na jambo binafsi hugongana kwa namna nyingine. Familia inaficha sana, na wa kwanza kufichwa ni mwenye jambo.

Fikiria mtoto aliyezaliwa na maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Kila siku anameza dawa. Anaambiwa ni za kifua, au ni vitamini za kuongeza damu. Mama anajua, bibi anajua, mama mdogo anajua, wahudumu wa kliniki ya CTC wanajua. Mwenye mwili hajui.

Familia ina sababu. Inaogopa mtoto atasema shuleni na kunyanyapaliwa. Hofu hiyo si ya kubezwa, na ndiyo maana Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi, ambayo inataka majibu ya vipimo yabaki siri. Lakini sheria hiyo inamlinda mtoto dhidi ya watu wa nje. Haikutungwa kumficha yeye mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, linashauri watoto wa umri wa kwenda shule waambiwe hali zao, na wadogo zaidi waandaliwe hatua kwa hatua kulingana na uelewa wao. Anza na "una mdudu kwenye damu, dawa hizi zinamlaza," kisha jina lenyewe lifuate mtoto anapokomaa. Washauri katika kliniki wamefunzwa kumsaidia mzazi katika mazungumzo haya, na hakuna anayelazimika kuyabeba peke yake.

Wasioambiwa mara nyingi hujiambia. Siku moja mtoto anasoma jina la dawa kwenye kopo na kuliandika kwenye simu. Anapata jibu akiwa peke yake chooni, na papo hapo anapata habari ya pili, kwamba watu wote anaowapenda walijua. Wengine huacha dawa kwa hasira.

Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto anayelelewa na baba asiyemzaa, au aliyechukuliwa akiwa mchanga na kupewa jina la ukoo mwingine. Watu wazima wote wanalijua jambo hilo, na kila harusi na kila msiba ni hatari kwamba mlevi mmoja atalitoa. Familia inaliita siri ya nyumba. Ukweli ni kwamba asili ya mtoto ni yake kabla haijawa ya nyumba, na wenye kuijua wanamwekea amana. Amana ina siku ya kurudishwa kwa mwenyewe.

Hatari iliyomo katika "sehemu za siri"

Pengine hakuna mahali ambapo kuchanganya maneno haya kunaumiza kuliko katika mwili wa mtoto.

Wazazi wengi huwafundisha watoto kwamba wana "sehemu za siri". Nia ni njema: asizionyeshe, asiguswe. Lakini mtoto wa miaka mitano huchukua maneno kama yalivyo. Ameambiwa pia kwamba siri haisemwi, na kwamba mambo ya ndani hayatoki nje. Akishikwa sehemu hizo na mtu wa nyumbani kisha akaambiwa, "Hii ni siri yetu mimi na wewe," maneno ya mhalifu yanafanana kabisa na mafundisho ya mama. Sehemu ni za siri, basi kilichotokea nacho ni siri.

Dawa yake ni kubadilisha msisitizo kutoka kwenye kufunika kwenda kwenye umiliki. "Hizi ni sehemu zako. Ni mali yako. Hakuna anayezigusa, isipokuwa mama akikuogesha au daktari akikutibu na mimi nikiwepo. Mtu yeyote akizigusa, au akikutaka uguse zake, una ruhusa ya kusema. Hata akikwambia ni siri. Hata akiwa baba, mjomba, mwalimu au kaka."

Mtoto anayejua kwamba mwili ni wake anajua pia kwamba habari za mwili huo ni zake kusema. Hakuna mkubwa anayeweza kuzigeuza siri ya nyumba. Hapo ndipo tofauti ya maneno haya inapokuwa kinga. Kwa jambo lililo la mtoto, familia haina kufuli ya kumfunga mdomo.

Mzazi anaweza kumwekea kanuni nyepesi. Zawadi ya siku ya kuzaliwa ya dada ni siri ya furaha, ina mwisho na kila mtu atacheka. Siri inayomtia hofu, inayohusu mwili wake, au anayoambiwa asimwambie mama milele, hiyo aiseme siku hiyo hiyo. Akishindwa kumwambia mzazi, amwambie mwalimu au bibi. Nchini Tanzania na Kenya ipo pia namba 116 ya kuwasaidia watoto, na Tanzania ina madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi.

Wazazi nao wajiandae kusikia. Mtoto akileta habari ya namna hiyo kisha akajibiwa, "Nyamaza, utavunja familia," atakuwa ameambiwa kwamba jina la ukoo ni zito kuliko mwili wake.

Stetasi ya mama, maisha ya mtoto

Zamani godoro lilionwa na familia sita. Leo simu inaweza kulionyesha kwa watu 600 kabla halijakauka.

Picha ya mtoto akiwa uchi kwenye beseni. Video akilia kwa kuchapwa. Picha akiwa kitandani hospitali na mpira wa dripu mkononi, chini yake maneno ya kuomba dua. Mzazi anapoweka vitu hivi kwenye stetasi, mara nyingi hajioni kama anatoboa siri. Na pengine si siri. Ni maisha ya mtoto, na atakapokuwa kidato cha pili wenzake watakuwa na simu zao.

Sheria zimeanza kulitazama jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 16, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake na kushambuliwa heshima yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Septemba 2023, ofisi inayosimamia sheria hiyo ya Kenya iliitoza shule moja faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni za nchi hiyo kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi wao.

Lakini katika yote hayo, anayetoa ridhaa kwa niaba ya mtoto ni mzazi. Sheria imemfanya kuwa mlinzi wa lango. Lango likifunguliwa na mlinzi mwenyewe, mtoto hana wa kumwita.

Kukagua si kutangaza

Swali ambalo wazazi wa vijana hawaachi kuuliza ni hili: Je, nisiikague simu ya mwanangu?

Hapa pia maswali mawili yanasaidia. Kukagua kunagusa faragha, na faragha ya mtoto hupanuka na umri. Mtoto wa miaka 10 anayetumia simu ya mama hawezi kudai asionwe, na mzazi asiyeangalia anayeongea naye amezembea. Kijana wa miaka 16 anastahili kuambiwa mapema kwamba simu itaangaliwa, lini na kwa sababu gani. Kuipekua usiku amelala humfundisha kuficha zaidi.

Lakini hata pale ukaguzi ulipo halali, kilichopatikana hakihami umiliki. Mama akikuta barua ya mapenzi kwenye daftari la binti yake, ana wajibu wa kukaa naye na kuzungumza. Hana haki ya kuisoma kwa sauti mezani huku wadogo zake wakicheka. Ameruhusiwa kujua, hakuruhusiwa kutangaza. Vivyo hivyo binti anapovunja ungo. Mama anahitaji kujua, na katika familia nyingi shangazi au bibi ana nafasi yake ya kumfunda. Baba naye anaweza kujua kwa sababu taulo za kike zinanunuliwa kwa fedha. Ila binti aulizwe kwanza: "Nimwambie baba, au utapenda kumwambia mwenyewe, au niseme tu kuna vitu vyako vya kununua?" Swali hilo halichukui dakika moja.

Mtoto naye hujifunza kwa kuona. Akimkuta mama analia na kuuliza kuna nini, si lazima adanganywe kwamba ni moshi wa jiko, wala si lazima abebeshwe ugomvi wa wakubwa. "Nina huzuni, mwanangu, ila hili ni la mama. Wewe hujakosea kitu." Kwa sentensi hiyo ameonyeshwa kwamba mtu anaweza kuwa na lake bila kudanganya.

Pa kuanzia wiki hii

Mzazi anaweza kuanza na mambo machache. Apitie picha alizokwisha kuweka mtandaoni na kufuta zile ambazo yeye mwenyewe asingependa aonekane hivyo. Mtoto wa miaka sita na kuendelea aulizwe kabla ya picha kurushwa, na akikataa, jibu lake liheshimiwe. Ndugu waambiwe kwa upole kwamba matokeo na maradhi ya mtoto hayaendi kwenye kundi la ukoo bila yeye kujua. Kabla ya kumsimulia mgeni habari za mtoto aliyekaa hapo hapo, mzazi amtazame mtoto usoni. Na pale alipokosea, amwombe radhi. Mtoto haoni mzazi ameshuka hadhi kwa kusema "samahani, lile lilikuwa lako".

Godoro litaendelea kuanikwa, maana halikauki chumbani, na majirani wataliona. Hilo mama hawezi kulizuia. Lakini kesho jirani akipita na ndoo na kuuliza, "Leo tena?" jibu linaweza kuwa fupi: "Tunalitoa jua. Za asubuhi, jirani?"

Mtoto aliyesimama mlangoni na begi lake atasikia na hilo pia.